Fomu ya Bima ya Mama Fundi

Kila Jumapili asubuhi, baada ya vyombo kuoshwa na sebule kufagiliwa, meza ya kulia iligeuka kuwa ofisi. Upande mmoja alikaa mama na kisu chake cha kuchunia nyaya, na upande wa pili alikaa binti yake wa miaka kumi na miwili, akiwa na kalamu mbili, rula na daftari. Mama alikuwa fundi umeme, na mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Binti alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, kwa hiyo ndiye aliyeandika barua za wateja, orodha za vifaa na vibandiko vya kwenye makopo ya skrubu. Ndiyo maana mama alimpa jina la Karani, na jina hilo likamkaa kuliko lile alilopewa alipozaliwa.

"Karani, leo tuna kazi ya heshima," mama alisema Jumapili moja, akamsogezea karatasi nne zilizobanwa pamoja. "Fomu ya bima. Ya mwaka jana inakwisha wiki hii."

"Bima ile ya hospitali?"

"Hapana, hii ni bima ya kazi. Tuseme niko nyumbani kwa mtu, ngazi yangu ikaanguka ikavunja kioo chake. Au nimefunga soketi, ikaleta hitilafu ikaunguza friji. Nani atalipa?"

"Wewe."

"Na nisipokuwa na uwezo? Friji ya watu nitaitoa wapi?" Mama alichuna waya, ganda jekundu likadondoka mezani. "Basi sisi mafundi wengi kila mwaka tunatia kidogo kidogo kwenye kapu moja, na kampuni ya bima inalitunza. Siku mmoja wetu akipatwa na balaa, kapu linafunguliwa, mteja analipwa, na fundi anaendelea na kazi yake. Haya, soma swali la kwanza."

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na nne. Karani alisoma kwa sauti, mama akajibu bila kuinua macho kwenye nyaya zake, naye Karani akaweka tiki kwenye kisanduku cha Ndiyo au cha Hapana. Walikwenda vizuri hadi swali la tisa. Hapo simu ya mama ikalia. Alikuwa mteja ambaye taa zake zote zilikuwa zikiwaka na kuzimika kama macho ya mtu mwenye usingizi.

"Endelea tu, mwanangu," mama alinong'ona huku ameziba simu kwa kiganja. "Ukikwama niulize." Akatoka uani kuzungumza.

Karani alilitazama swali la kumi. Lilikuwa refu, lina maneno mazito. Dirishani alisikia wenzake wakimwita. Mchezo wa mpira wa pete ulikuwa umeanza bila mfungaji wao, na mfungaji mwenyewe alikuwa yeye.

"Karani! Tunafungwa huku!"

Alisoma nusu ya swali la kumi akaweka Hapana. La kumi na moja hakulisoma kabisa, akaweka Hapana. Kisha kalamu ikateremka yenyewe, Hapana, Hapana, Hapana, mpaka swali la mwisho, tiki zimepangana kama vifungo vya shati. Mama aliporudi, fomu ilikuwa tayari na kalamu imefunikwa.

"Umemaliza? Nani kama Karani wangu!" Mama alitia sahihi chini bila kusoma hata mstari mmoja, akambusu kichwani. Karani alitoka mbio kwenda uwanjani. Siku hiyo alifunga magoli sita.

Kesho yake mama alitoa nakala ya fomu kwenye duka la Mzee Fotokopi, akaiweka nakala hiyo kwenye jalada la kazi, na fomu yenyewe akaipeleka kwenye kampuni. Karani hakuikumbuka tena.

Mzee Fotokopi alikuwa na duka dogo karibu na shule, lenye mashine moja kubwa ya fotokopi na makatoni ya madaftari yaliyopangwa hadi karibu na dari. Wanafunzi walimpenda kwa sababu ya maneno yake. Mtoto akija kutoa nakala ya kazi ya nyumbani ya mwenzake, mzee aliitazama karatasi, akatikisa kichwa na kusema, "Hii mashine inanakili makosa pia, ujue."

Miezi miwili baadaye alimwita Mama Fundi amwongezee soketi tatu ukutani. Alhamisi mchana, Karani alipotoka shule, alipita dukani kumsalimu mama. Mama alikuwa amepiga magoti akipima ukuta kwa futi. Msaidizi wake, kijana aliyeitwa Mrefu kwa kuwa hakuhitaji ngazi, alikuwa ameshika drili.

"Mzee, una uhakika hakuna bomba la maji huku?" mama aliuliza.

"Bomba liko ukuta ule wa choo. Huku hakuna kitu, nimekaa hapa miaka kumi na tisa."

Mrefu akawasha drili. Vumbi la matofali likamwagika taratibu. Kisha drili ikabadili sauti, ikalia kama kitu kilichoumizwa, na maji yakafyatuka ukutani kwa kasi ya kumrusha Mrefu nyuma.

"Zima umeme kwanza!" mama alipiga kelele, na kabla mtu hajajua la kufanya alikwisha ruka hadi kwenye swichi kuu na kuishusha. "Wote nje! Mzee, koki ya maji iko wapi?"

Koki ilikuwa nyuma ya makatoni. Walipoyahamisha na kuifunga, maji yalikuwa yamekwisha kufanya yake. Lilikuwa bomba la zamani ambalo hata mwenye jengo hakulijua. Mashine ya fotokopi ilikuwa ikichuruzika kila upande. Makatoni ya chini yalikuwa yamelainika na kufumuka, na madaftari yalikuwa yamevimba.

Mzee Fotokopi alisimama katikati ya dimbwi, suruali imemganda miguuni.

"Nilikuwa nasema hii mashine inahitaji kuoshwa," alisema. Alijaribu kucheka, akaokota daftari lililoloa, likamkatikia mkononi. "Mitihani ya shule nne ilikuwa ichapwe hapa wiki ijayo, Mama Fundi. Nimekwisha."

Mama alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti. "Hujakwisha, mzee wangu. Kazi zangu zina bima. Mashine yako italipwa." Kisha akageuka akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni na mkoba wa shule. "Si tulijaza fomu, mimi na Karani wangu?"

Ndipo Karani alipozikumbuka zile Hapana alizoziweka bila kusoma. Aligeuka akatoka dukani.

Njia nzima hadi nyumbani alikwenda mbio. Alifungua kabati, akatoa jalada, akaifunua ile nakala. Kidole chake kilishuka hadi swali la kumi na tatu, akalisoma kwa mara ya kwanza: *Je, katika kazi zenu mnatoboa kuta, dari au sakafu za majengo ya wateja?* Na pale, kwa tiki safi ya mkono wake mwenyewe: Hapana.

Alikaa sakafuni. Mama yake alitoboa kuta karibu kila siku ya Mungu. Kama kampuni iliambiwa kwamba fundi huyu hatoboi kuta, italipaje hasara ya ukuta uliotobolewa? Alifikiria kumngoja mama amweleze. Akaona uso wa mama utakavyobadilika, akaona na uso wa mzee. Moyo wake ukamwambia, ni tiki moja tu.

Mkobani alikuwa na kichupa cha wino mweupe wa kufutia makosa. Alipaka pole pole juu ya ile tiki, akaupulizia wino ukauke, kisha akachukua kalamu nyeusi akaweka tiki mpya kwenye Ndiyo. Akairudisha karatasi jaladani. Ilionekana safi kabisa. Hata hivyo jioni alikisukuma chakula pembeni, na mama akadhani ameanza homa.

Jumamosi asubuhi mkaguzi wa kampuni ya bima alifika dukani. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, na kila alichokiona alikiandika kwa penseli. Alipima tundu la ukutani, akapiga picha mashine, akahesabu makatoni yaliyoharibika. Mama alimtuma Karani nyumbani akalete jalada, naye Karani akalileta mwenyewe, kwa mikono yake miwili, huku likimwelemea kama tofali.

"Ninayo fomu yenu halisi kutoka ofisini," mkaguzi alisema, akaitandaza kwenye kaunta. "Naomba na nakala yenu, Mama Fundi, nizilinganishe. Ni utaratibu wetu."

Mama aliitoa kwa kujiamini, kama mtu asiye na cha kuficha. Mkaguzi alizilaza karatasi mbili sambamba. Penseli yake ilishuka upande huu, ikashuka upande ule. Ikasimama. Akavaa miwani. Kisha akapitisha kidole juu ya nakala, taratibu, kama mtu anayepapasa kipele.

"Fotokopi haina uvimbe," alisema. "Hapa pana wino wa kufutia. Fomu iliyoko kwetu inasema hamtoboi kuta. Hii yenu inasema mnatoboa." Sauti yake haikupanda, lakini upole ulikuwa umeondoka. "Mama, karatasi hii imechezewa baada ya ajali?"

Mama aliinama akatazama. "Mimi sijagusa kitu. Na ... mbona hii ya kwenu inasema Hapana? Tunatoboa kuta kila siku!"

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

Mrefu alitazama chini. Mzee Fotokopi alivua kofia yake, akaivaa tena. Mkaguzi alianza kuandika, na Karani akaona kwamba kila herufi inayotoka kwenye ile penseli inamwandika mama yake kuwa mwongo. Mama yake, ambaye aliwahi kurudi kwa mteja kwa miguu, jua la saa saba, kwa sababu tu alikumbuka hakukaza skrubu moja!

"Ni mimi," Karani alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasogea hadi kwenye kaunta.

"Mkaguzi, usimwandike mama. Ni mimi. Mama aliniachia fomu nijaze, akaniambia nikikwama nimuulize. Sikumuuliza. Nilitaka kwenda kucheza, nikaweka Hapana zote bila kusoma. Na juzi maji yalipomwagika nikaogopa, nikafuta hiyo moja nikaweka Ndiyo. Mama hajui lolote." Hapo machozi yakamshinda. "Kichupa cha wino kipo mkobani kwangu, nikakilete?"

Mama alimgeukia binti yake.

Mkaguzi aliweka penseli chini. "Binti, nikuambie kitu. Kosa lako la kwanza lilikuwa uvivu. Watu wazima pia hulifanya, tena wengi. Kosa la pili ni uongo, na ni kubwa zaidi. Karatasi iliyochezewa hufunga jalada siku hiyo hiyo. Hata maji yangekuwa yamefika dari, hakuna ambaye angelipwa." Akamtazama kwa muda. "Lakini umesema mwenyewe, mbele ya watu. Nitaandika uliyosema jinsi ulivyoyasema. Nawe andika barua ueleze yote, mama yako aandike yake. Siahidi chochote. Uamuzi ni wa kampuni."

Walirudi nyumbani mama akitangulia. Alipofika aliinjika chai, akamimina vikombe viwili, akavuta kiti.

"Nimekasirika," alisema. "Nimekasirika sana, na nitaendelea kukasirika huku tunakunywa chai, kwa hiyo usishangae."

"Nisamehe, mama."

"Kilichoniuma si tiki. Kilichoniuma ni kwamba uliogopa kuniambia. Siku mbili nzima unazunguka na mzigo huo tumboni, mimi nakupima homa!" Alipuliza chai yake. "Na mimi nina langu. Sahihi ni yangu. Niliiweka bila kusoma kwa sababu nilikuwa na haraka na taa za mtu. Hakuna mtoto anayebeba hilo kwa niaba yangu. Tumekosa wawili. Haya, lete kalamu."

Waliandika barua mbili, kila mmoja yake. Ya Karani ilikuwa na kurasa mbili na haikuwa na neno hata moja lililofutwa.

Kwa siku zilizofuata, kila alipotoka shule Karani alikwenda kwa Mzee Fotokopi bila kuitwa. Mitihani ya shule nne ilikwenda kuchapwa kwingine, lakini madaftari yaliyoloa kingo tu yangeweza kuokolewa. Waliyafungua moja moja nyuma ya duka, wakayaanika juani juu ya mabati, na upepo ulipokuja walikimbizana nayo.

"Shikamoo, mzee," Karani alisema siku ya kwanza, hajainua uso.

"Marahaba, Karani. Shika upande huu."

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika mpaka saa kumi. Saa kumi nikaona njaa, na mimi siwezi mambo mawili kwa pamoja." Aligeuza daftari moja lililopinda kama sahani. "Haya ya kupinda tutawauzia wanafunzi wenye mwandiko wa kupinda. Yatafanana."

Karani alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Kisha alipoona mzee anaitazama ile nafasi tupu ya mashine, akaacha kucheka, akaanika madaftari mengine kwa kasi zaidi.

Siku ya kumi na moja mkaguzi alirudi. Safari hii alikuja bila kamera, ana bahasha tu. Walikusanyika wote dukani, Mrefu ameinamisha kichwa kisigonge taa.

"Kampuni ilisoma barua zenu," mkaguzi alianza. "Ikafukua na jalada lako la zamani, Mama Fundi. Miaka minne yote umejaza fomu kwa mkono wako, na swali la kumi na tatu umejibu Ndiyo. Ada uliyolipa mwaka huu ni ile ile ya miaka hiyo, yaani ada ya fundi anayetoboa kuta. Hukuipunja kampuni kitu. Kwa hiyo wamekubali kwamba ile Hapana ilikuwa kosa, si hila, kama binti yako alivyoeleza." Alifungua bahasha. "Mzee atalipwa mashine na madaftari. Sehemu ndogo ya kwanza ya hasara ataibeba fundi mwenyewe, ndivyo mkataba unavyosema."

Mzee Fotokopi alikaa chini pole pole, kama mtu anayeogopa kiti kitaondoka.

"Na barua hii ni ya onyo," mkaguzi aliongeza, akimkabidhi mama karatasi ya pili. "Fomu nyingine isomwe kabla ya sahihi." Kisha akamgeukia Karani. "Jumamosi ile nilikuwa nimekwisha kuandika maneno matatu: karatasi imechezewa na. Ungenyamaza, neno la nne lingekuwa jina la mama yako. Na uamuzi wa leo usingekuwapo."

Mama alilipa sehemu yake kwa pesa alizokuwa akiziweka kwa ajili ya ngazi mpya, na kwa hiari yake akakagua mfumo mzima wa umeme wa duka bila kudai malipo. Mashine mpya ilipofika, yeye na Mrefu waliifunga, tena kwenye ukuta uliopimwa kwa kifaa cha kutambua mabomba. Mzee aliwasha. Taa ya kijani ikawaka, mashine ikanguruma, karatasi ya kwanza ikatoka ikiwa bado ina joto. Mzee aliinusa kama mtu anayenusa mkate.

"Hii ni mashine ya kisasa," alisema. "Nadhani hata makosa inayakataa."

Walipofunga kazi, mama na binti walishika njia ya nyumbani, jua la alasiri likiwapiga migongoni.

"Mama," Karani alisema, "kwa nini kampuni inauliza maswali mengi hivyo? Si ingetazama tu jinsi unavyofanya kazi?"

"Itanitazamaje, na mafundi tuko mamia? Inachokijua kuhusu mimi ni kile nilichoandika. Na mteja naye ni hivyo hivyo. Nikimwambia ukuta uko salama, analala humo na watoto wake. Hafungui ukuta kuangalia kama nimesema kweli." Mama alishusha sauti. "Kazi yetu yote, mwanangu, imefichwa ndani ya kuta. Watu wanatupa kazi kwa sababu wanaamini maneno yetu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Ukilifunika, linakua hukohuko usikoliona, kama waya mbovu. Siku ile ulipotokeza mbele ya kaunta unalia, niliona aibu, sikufichi. Lakini niliona pia kwamba nina mtoto ninayeweza kumwamini."

Karani alipiga jiwe dogo kwa ncha ya kiatu.

"Bado umekasirika?"

"Kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kukubebesha huu mfuko wa vifaa mpaka nyumbani."

Karani aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito ajabu, koleo na nyundo zikigongana ndani, ukamvuta upande mmoja hadi akapepesuka. Aliuma meno akaenda nao hatua kumi, kumi na tano. Hapo mama akasogea karibu, akashika kishikio cha pili, na wakaubeba pamoja.